Maandazi matatu asubuhi, njaa saa tatu: kati ya mafuta na wanga, kipi kinashibisha?

Swali: «Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34 na watoto wawili. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nakunywa chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu na maandazi matatu. Ikifika saa tatu tumbo linanguruma mpaka wanafunzi wanasikia. Mchana nakula ugali na mboga za majani, nashiba ndi ndi ndi, hata kuinuka shida, lakini saa kumi njaa imesharudi. Jioni nikinunua chipsi mayai namaliza sahani nzima bila kuona nimeshiba, halafu tumbo linakuwa zito mpaka usiku wa manane. Mwenzangu pale shuleni ameacha wanga kabisa, anakunywa kahawa yenye siagi, anasema mafuta ndiyo yanayoshibisha na wanga ndio unaoleta njaa. Mwingine ananiambia mafuta ndiyo sumu yenyewe. Nimsikilize nani? Na hii njaa yangu ni ugonjwa?»

Mwalimu, ahsante kwa kutaja saa pamoja na chakula. Umeleta milo mitatu, na katika kila mmoja shibe imekuja na kuondoka kwa namna yake. Wa kwanza umekutupa mapema. Wa pili umekujaza haraka ukakuacha jioni. Wa tatu haukukwambia uache kula, kisha ukakaa tumboni usiku kucha. Ukiielewa tofauti ya hiyo mitatu, wenzako hao wawili hutahitaji kumchagua yeyote.

Kuhusu ugonjwa nikutoe hofu mapema. Kusikia njaa saa mbili na nusu au tatu baada ya maandazi na chai ya sukari ni jambo linalompata mtu mwenye afya yake kamili. Zipo dalili ambazo zikiandamana na njaa hubadilisha maneno haya, nitazitaja kabla sijamaliza, na tafadhali zisome hata kama unaona hazikuhusu.

Tatizo kubwa katika mjadala wa mafuta na wanga ni kwamba neno kushiba tunalitumia kwa mambo mawili. La kwanza ni lile linalokufanya uone imetosha, ukanawe mikono. La pili ni lile linalokufanya ukae saa nne bila kuwaza chakula. Mtu akisema mafuta yanashibisha, ana maana ya lipi? Katika lile la kwanza mafuta ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Katika la pili yana nguvu ya kweli. Na wanga, kama utakavyoona, unaweza kuwa bora kabisa au wa mwisho kabisa kutegemea umeletwa mezani ukiwa katika hali gani.

Tuanze na hilo la kwanza. Unapokula, ukuta wa tumbo hutanuka, na mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi hupeleka habari hiyo kwenye ubongo papo hapo. Tumbo halihesabu nishati, linahisi ujazo. Gramu 400 za ugali na mboga zenye maji zinalitanua sana, gramu 150 za maandazi zinalitanua kidogo, hata kama nishati iliyomo inakaribiana. Mafuta ndicho chakula kinachobeba nishati nyingi kuliko vyote mahali padogo: gramu moja ina kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kilokalori kama 120. Ili upate kiasi hicho kwenye ugali unahitaji gramu 90 hadi 100, yaani tonge kadhaa za maana. Tumbo lako litazihisi hizo tonge. Hicho kijiko cha mafuta kilichoingia ndani ya chipsi halitakihisi hata kidogo.

Baada ya ujazo huja ujumbe wa pili, na huu una kemia. Chakula kikianza kutoka tumboni kuingia utumbo mwembamba, chembe za ukuta wa utumbo hupima kilichofika. Zikikutana na mafuta yaliyokwisha kumeng'enywa, au protini, hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Kazi yake ni kubana mlango wa chini wa tumbo ili chakula kitoke polepole, kukamua nyongo, na kuuambia ubongo kuwa chakula kimefika. Hapo ndipo mafuta yanapoanza kufanya kazi yake ya shibe. Lakini angalia mpangilio wa mambo: lazima kwanza yatoke tumboni, tena mafuta mepesi yaliyojitenga huelea juu ya chakula kingine kama yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa hiyo mara nyingi ndiyo yanayotoka mwisho. Kisha lazima yavunjwe. Haya yote yanachukua dakika, pengine 15, pengine 20 au zaidi. Mtu anayekula haraka atakuwa ameshafuta sahani.

Mafuta yakiteremka mpaka sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, utumbo huvuta breki. Homoni nyingine, zikiwamo ile ya GLP-1 ambayo siku hizi imetengenezewa dawa za sindano za kisukari na unene, hupunguza kasi ya tumbo na ya utumbo wenyewe. Huo ndio uzito unaousikia usiku baada ya chipsi mayai. Na hapa nakuomba utenganishe mambo, kwa sababu uzito huo wengi huuita shibe. Shibe nzuri haikusumbui, unafanya kazi zako umesahau tumbo. Kuvimbiwa ni chakula kilichochelewa kutoka, chenye kiungulia na kubeua. Mafuta mengi kwa mkupuo yanaleta cha pili kwa urahisi kuliko cha kwanza.

Kiswahili kina neno jingine linalotusaidia: kukinai. Unaweza kukinai kabla hujashiba, kama mtu aliyekula vipande vitatu vya nyama yenye shahamu akaona inamwelea. Unaweza pia kushiba ugali pomoni, halafu likaletwa embe lililoiva na ukapata nafasi. Kukinai ni ulimi na pua kuchoka ladha moja. Mafuta peke yake yanakinaisha upesi, hakuna mtu anayekunywa mafuta kwa kikombe. Lakini changanya mafuta na wanga laini, tia chumvi au sukari, na kukinai kunachelewa sana. Maandazi, chipsi, keki, biskuti, vyote viko kwenye kundi hilo. Ndiyo maana nasema swali la «mafuta au wanga» limewekwa vibaya: chakula kinachotushinda kuacha kwa kawaida ni vile viwili vikiwa pamoja, bila maji, bila nyuzinyuzi na bila protini ya kutosha.

Mwaka 1995, huko Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, Susanna Holt na wenzake walichukua vyakula 38, kila kimoja wakapima kiasi chenye nishati ileile, kilokalori 240, wakawapa watu na kuwauliza shibe yao kila baada ya robo saa kwa muda wa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao. Kilichoongoza kilikuwa kiazi mviringo cha kuchemsha, alama 323. Kiazi hicho hicho kilipokuwa chipsi kilipata 116. Samaki alipata 225, machungwa 202, mayai 150, wali mweupe 138. Wa mwisho kabisa alikuwa mkate laini wa Kifaransa wa siagi, krosanti, alama 47. Kila chakula kilijaribiwa na kikundi kidogo cha watu, na saa mbili si siku nzima, kwa hiyo usizichukue namba hizi kama sheria. Lakini mwelekeo wake unaeleweka vizuri. Kilichokwenda sambamba na shibe ni uzito wa chakula, maji, protini na nyuzinyuzi. Kadiri chakula kilivyokuwa na mafuta mengi, kwa nishati ileile, ndivyo kilivyoshibisha kidogo.

Kitazame hicho kiazi vizuri, maana kinajibu nusu ya swali lako. Ni wanga mtupu, protini kidogo, mafuta hakuna. Kama wanga ungekuwa ndio unaoleta njaa, kiazi kingekuwa mkiani. Kimeongoza kwa sababu karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji yaliyofungwa ndani, lazima kitafunwe, na gramu 100 zina kilokalori kama 85 tu. Ukikitia kwenye mafuta ya moto, maji yake mengi yanatoka kama mvuke na mafuta yanachukua nafasi. Gramu 100 za chipsi zinafika kilokalori 300 hivi. Kiazi ni kilekile, ila kimebadilishwa kutoka chakula kizito chenye nishati ndogo kuwa chakula chepesi chenye nishati nyingi.

Wanga uliosagwa na kukobolewa nao una tatizo lake. Unga mweupe wa ngano umeondolewa kapi, umelainika, unamezwa haraka, na unageuka glukosi upesi. Sukari ya damu inapanda, kongosho linatoa insulini, homoni ya kuishusha, na kwa baadhi ya watu sukari inashuka saa mbili au tatu baadaye mpaka chini kidogo ya ilipoanzia. Watu hao husikia njaa mapema na hula zaidi. Nasema baadhi, kwa sababu tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa, na wengine wanakula mkate mweupe bila kushuka popote. Hapa mwenzako wa kahawa amesema sehemu ya kweli. Amekosea kuuchukua wanga wote, maharage, viazi, dona na matunda, akauweka kapu moja na andazi.

Lipo jaribio la karibuni linalofaa kwa mabishano yenu. Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, walilaza watu 20 wodini kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula chenye mafuta machache sana na wanga mwingi, wiki mbili kinyume chake, mafuta karibu robo tatu ya nishati yote na wanga sehemu ya kumi tu. Waliruhusiwa kula mpaka watosheke. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kwenye chakula cha wanga na mafuta machache walikula pungufu ya kilokalori kama 690 kwa siku, na hawakusema wana njaa zaidi. Chakula hicho kilikuwa kimejaa mboga, maharage, viazi na matunda, vyakula vyenye maji, wakati kile cha mafuta kilibeba nishati karibu mara mbili kwa kila gramu. Hata hivyo, kwa haki ya mwenzako, watu wale wale walipoingia wiki ya pili ya mafuta walianza kula kidogo kuliko wiki ya kwanza.

Hilo la mwisho lina sababu. Mtu akipunguza wanga mpaka chini ya gramu 50 hivi kwa siku, ini huanza kutengeneza viini viitwavyo ketoni kutokana na mafuta, na ketoni zinaonekana kutuliza njaa kwa watu wengi. Kwa hiyo mwenzako hasemi uongo anaposema hasikii njaa. Ila pia jiulize ni nini kingine ameacha. Ameacha maandazi, soda na sukari ya chai, na bila shaka anakula mayai na nyama zaidi, na protini ndiyo inayoongoza kwa kukaa na shibe kuliko mafuta na wanga. Kahawa yenyewe yenye vijiko viwili vya chakula vya siagi ni kilokalori 200 zisizo na protini wala nyuzinyuzi. Anayeweza kuishi hivyo mwaka mzima, mfuko ukaruhusu, akapima lehemu (kolesteroli) ya damu yake na asipate shida ya choo, ni uamuzi wake. Kwa mwalimu mwenye watoto wawili na sufuria moja ya ugali kwa familia nzima sioni kama ndiyo njia ya kuanzia. Na kama ungekuwa mjamzito, unanyonyesha, una ugonjwa wa figo au unatumia dawa za kisukari, ningekuambia usijaribu bila daktari.

Basi turudi kwenye sahani zako, na tuanze na asubuhi.

Andazi la gramu 50 lina kilokalori 170 hadi 180. Matatu, pamoja na chai yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, yanakupa kama 570. Si chakula kidogo! Lakini kina uzito wa gramu 150 tu ukiacha chai, protini gramu 10 hivi, nyuzinyuzi chache, na unakimaliza kwa dakika tano. Chai nayo haiwezi kukusaidia sana, kwa kuwa maji ya kunywa hutoka tumboni upesi, nusu yake ndani ya dakika 20 au chini ya hapo. Sasa linganisha na hiki: viazi vitamu vya kuchemsha gramu 300, ambavyo ni viwili vya wastani, mayai mawili ya kuchemsha, nusu ya parachichi dogo, na chai yenye kijiko kimoja cha sukari. Jumla ni kilokalori 530 hivi, chini kidogo ya zile za maandazi. Uzito ni karibu gramu 480. Protini inafika gramu 18, nyuzinyuzi zaidi ya mara tatu. Mafuta yamo, kwenye parachichi na viini vya mayai, lakini yamekuja yamebebwa na maji na nyuzinyuzi, na yanakutana na protini tumboni. Hapo ile breki ya utumbo inafanya kazi inayotakiwa: tumbo limejaa, kisha mafuta yanachelewesha kutoka kwake.

Mayai yakiwa ghali, acha andazi moja na ongeza kikombe cha maharage yaliyopikwa jana yake, yaani gramu 200, yenye protini kama gramu 17. Andazi moja halina ubaya wowote likiwa na mwenzake wa kulishika. Ukipenda uji, pika kwa unga wa dona au ulezi, tia vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa na maziwa nusu kikombe, uwe mzito wa kunywewa kwa kijiko. Uji mwepesi wenye sukari nyingi utakurudisha pale pale ulipotoka.

Kama unakaanga maandazi mwenyewe nyumbani, kuna jambo watu wengi hawalijui. Andazi likiwa ndani ya karai, mvuke unaotoka ndani yake unayasukuma mafuta yasiingie. Sehemu kubwa ya mafuta huingia dakika ile ya kuliepua, mvuke unapopoa ndani na kuyanyonya yale yaliyobaki juu. Kwa hiyo lichuje mara tu linapotoka, likiwa bado la moto sana, kwenye chujio juu ya karai, ulitikise, kisha liweke kwenye karatasi bila kulirundika juu ya mengine. Mafuta yasiwe baridi pia: tupia kipande kidogo cha unga, kikizama na kukaa bila mapovu, ngoja. Kikiibuka mara moja kikizungukwa na mapovu mengi, hapo tayari. Mafuta yasiyochemka vizuri hulifanya andazi likae muda mrefu karaini, ganda lake lichelewe kushika, na linatoka limelowa.

Chakula cha mchana ni kisa kingine. Ugali wako una ujazo, ndiyo maana unashiba upesi. Kilichokosekana ni cha kuishikilia shibe hiyo. Mboga za majani pekee zina maji na nyuzinyuzi, ni nzuri sana, lakini protini yake ni ndogo, na kama zimechemshwa bila mafuta hakuna kitu cha kuuambia utumbo upunguze mwendo. Punguza ugali kwa robo hivi, kutoka gramu 400 kama ndio unaokula mpaka 300, na mahali pake weka kikombe cha maharage, au kunde, au gramu 30 za dagaa wakavu, ambao wanakupa protini karibu gramu 18. Mboga ziungwe kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa kila mlaji, au tui la nazi kidogo, au karanga. Hayo mafuta usiyaondoe kabisa. Mbali na shibe, vitamini A iliyomo kwenye mchicha na matembele haifyonzwi vizuri bila mafuta. Ila yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Mkono unaomimina ukadhani umetia vijiko viwili mara nyingi umetia vinne, na tofauti yake ni kilokalori 240 ambazo tumbo lako halitazihisi.

Sembe ukibadilisha kwa dona utapata nyuzinyuzi zaidi na shibe inayokaa. Nunua kidogo kidogo, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake unaingia uchungu mapema kuliko sembe.

Chipsi mayai sikukatazi. Sahani ya chipsi gramu 250, mayai mawili na mafuta ya kikaangoni inafika kilokalori 1,000 kwa urahisi. Viazi vya kuchemsha vyenye nishati hiyo vingekuwa zaidi ya kilo moja, na nadhani hakuna mwalimu anayevimaliza. Hukusikia shibe kwa sababu chakula kilikuwa laini, chenye chumvi, kisicho na maji, kikaingia haraka kuliko homoni zako zilivyoweza kusema. Agiza chipsi nusu na mayai yaleyale, omba kachumbari sahani nzima na uianze hiyo kwanza, au kunywa bakuli la supu kabla. Maji yaliyo ndani ya chakula, kama supu au kachumbari, hukaa tumboni kuliko maji ya kunywa pembeni. Kisha ukimaliza, ngoja robo saa kabla ya kuamua kama unaongeza. Na kila inapowezekana kula mlo huo mapema, saa moja jioni badala ya saa tatu usiku, maana ukilala na tumbo lililojaa mafuta tindikali inapanda kifuani.

Yapo makosa ambayo watu hufanya wakisharekebisha. Wengine huondoa mafuta yote, chakula kinakosa ladha, wanajikuta wanafidia kwa ugali na sukari. Wengine hubadilisha maandazi kwa mkate mweupe wenye jemu na kuona wamepiga hatua, wakati ni unga uleule. Wapo wanaokunywa juisi kama kifungua kinywa: chungwa zima linatafunwa na lina nyuzinyuzi, glasi ya juisi imebeba sukari ya machungwa matatu au manne bila kazi yoyote ya meno. Karanga nazo ni nzuri sana, ila konzi moja ya gramu 30 ni kilokalori 170, na mkono ukizoea bakuli hauhesabu. Wanaoongeza maharage na dona ghafla hupata gesi na tumbo kujaa. Ongeza taratibu ndani ya wiki mbili, loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake, na kunywa maji ya kutosha siku nzima.

Sasa zile dalili. Njaa kali ikiandamana na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, na kupungua uzito bila kujaribu, nenda kapime sukari wiki hii, usisubiri. Njaa pamoja na moyo kwenda mbio, kutokwa jasho, kutovumilia joto na kupungua uzito inahitaji kipimo cha tezi ya shingo. Kinyume chake ni muhimu vilevile: mtu anayeshiba kwa tonge mbili tatu wakati zamani alikula vizuri, anayetapika, anayepata shida kumeza, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda, aonwe na daktari haraka. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia yanayokuja baada ya chakula cha mafuta, yakienda mpaka begani au mgongoni, yanaweza kuwa mawe ya nyongo, na kipimo chake ni altrasaundi. Dawa za kundi la steroidi, kama prednisolone, huongeza njaa, usiziache mwenyewe, zungumza na aliyekuandikia. Na kama kuna siku unakula kwa siri, unashindwa kusimama, kisha unajitapisha au kujinyima kwa aibu, hilo nalo linatibika, mweleze mtoa huduma bila kuficha.

Neno moja kwa wale nyumbani wanaotibiwa kisukari kwa insulini au vidonge vya glibenclamide, kwa sababu linahusu mafuta moja kwa moja. Mtu huyo akipata njaa ya ghafla yenye kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kama gramu 15. Usimpe chokoleti, karanga au chipsi, maana mafuta yatachelewesha sukari kuingia kwenye damu wakati anaihitaji sasa. Rudia baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, kisha ale mlo kamili na apelekwe kituo cha afya. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali mara moja.

Wewe, mwalimu, jaribu kifungua kinywa kipya na ule mchana wenye maharage kwa wiki mbili. Chukua karatasi, andika saa uliyokula, ulichokula, na saa njaa ilipoanza. Usibadilishe kila kitu siku moja, anza na asubuhi peke yake kwa wiki ya kwanza ili ujue kilichosaidia ni kipi. Njaa ikihama kutoka saa tatu mpaka saa tano au muda wa mapumziko ya mchana, umepata jibu lako. Isipohama hata baada ya protini na viazi, nenda na karatasi hiyo kwa afisa lishe wa wilaya yako au kituo cha afya, na uombe wakupime sukari kabla hujanywa chai asubuhi. Karatasi yenye saa itamsaidia kuliko maelezo marefu.